Mto Chini ya Matope: Habari za Kingamyambo na Musonoi

Jina la Kingamyambo ni nadra kulikuta katika vitabu vya historia. Ukilitafuta, utalikuta zaidi katika hati za makampuni, katika mashauri ya wanasheria na katika ramani za wahandisi wa madini. Hati hizo zilipima bonde la Kingamyambo pamoja na sehemu ya bonde la mto Musonoi, hapa Kolwezi, zikatoa hesabu hii: tani milioni 112.8 za matope ya mabaki, yenye shaba asilimia 1.49 na kobalti asilimia 0.32. Kwa hesabu hiyo, ndani ya matope hayo mna shaba inayokaribia tani milioni 1.7 na kobalti inayozidi tani 360,000. Huko Chile, nchi inayoongoza duniani kwa shaba, migodi mingi mikubwa leo huvunja mwamba wenye shaba isiyofika asilimia 1. Basi kilichotupwa bondeni kwetu kama takataka kina utajiri kuliko mwamba ambao wengine wanausaka kwa baruti.

Kwa hiyo inafaa kijana wa Kolwezi aulize swali ambalo hati zile hazikuulizwa: kabla ya matope, bonde hili lilikuwa nini, na ni nani waliokaa kando ya mto wake?

Tuanze na nchi yenyewe. Kolwezi imekaa juu ya uwanda wa kusini mwa Kongo, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo sababu asubuhi za mwezi Juni hapa zina baridi ambayo mgeni atokaye Kisangani haiamini. Mvua hunyesha tangu Oktoba au Novemba hata Aprili, kisha kiangazi kinashika, majani yanakauka, moshi wa nyasi zichomwazo unatanda. Sehemu kubwa ya nchi ilikuwa msitu wa miombo. Lakini hapa na pale palikuwa na vilima vitupu, visivyo na mti hata mmoja, vimefunikwa nyasi fupi na maua ya zambarau. Vilima hivyo ndivyo vilivyokuwa na shaba. Udongo wenye shaba nyingi huua mizizi ya miti. Mimea michache tu imejifunza kuishi humo, na wahunzi wa zamani waliitumia mimea hiyo kama alama. Aliyejua maua alijua mahali pa kuchimba. Wanajiolojia wa Kizungu walipokuja baadaye wakatumia elimu hiyo hiyo, mara nyingi wakiongozwa na wenyeji hadi juu ya kilima.

Katikati ya vilima hivyo zilitoka chemchemi, zikafanya vijito, vijito vikafanya mito midogo kama Musonoi na Luilu, na mito hiyo yote huishia katika Lualaba. Mto Lualaba una tabia ya kushangaza. Unatoka karibu na mpaka wa Zambia, unatembea polepole juu ya uwanda, halafu, ukifika Nzilo, si mbali na Kolwezi, unatumbukia katika magenge na kuporomoka zaidi ya mita 450 katika mwendo wa kilomita sabini hivi. Baada ya hapo unatulia, unapita Bukama, unaenea katika maziwa na mabwawa ya Upemba, unaendelea Kabalo, Kongolo, Kasongo na Kindu, hata unapovuka maporomoko ya Kisangani na kuitwa Kongo. David Livingstone aliuona huko Nyangwe mwaka 1871, akafa akidhani huenda ni chanzo cha mto Nile. Stanley ndiye aliyeufuata hadi bahari ya Atlantiki mwaka 1877 na kuumaliza ubishi huo. Kwa hiyo tone la maji likidondoka Kingamyambo lina safari ndefu mbele yake, na watu wengi njiani.

Watu wa nchi hii kabla ya ukoloni walikuwa hasa Wasanga na Walunda, na Wandembo upande wa magharibi. Wayeke walikuja baadaye na mfalme wao Msiri. Kazi ya shaba ilikuwa kazi ya kiangazi. Mtama ukiisha kuvunwa, mnamo mwezi wa Mei, jamaa walihama vijijini wakapiga kambi karibu na machimbo na karibu na maji. Wanaume walichimba mashimo kufuata mshipa wa malakiti, lile jiwe la kijani. Wanawake na watoto waliokota, wakapondaponda, wakaosha mijini mwa vijito na kuchagua. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, makaa yalitokana na miti migumu, na mivukuto ilikuwa ya ngozi za wanyama wa porini. Shaba iliyoyeyuka ilimiminwa katika vifuo vyenye umbo la msalaba wenye mikono sawa.

Misalaba hiyo ilikwenda mbali. Mwaka 1957 mwanaakiolojia Mbelgiji Jacques Nenquin alianza kufukua makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Lualaba chini ya Bukama. Makaburi hayo, ambayo baadhi yake yana umri wa miaka elfu na zaidi, yalikuwa na vyungu vizuri ajabu, mapambo ya shaba na misalaba midogo ya shaba. Kadiri karne zilivyopita misalaba ilizidi kuwa midogo na ya kulingana, nayo wataalamu wanaisoma kama dalili kwamba ilikuwa imegeuka fedha. Ziwa Kisale halina shaba. Shaba ilitoka juu, katika nchi hii ya vilima vitupu. Tukumbuke basi, kila tusikiapo kwamba biashara ya huku ililetwa na reli, kwamba shaba na samaki zilikwisha kukutana zamani sana.

Mwaka 1806 walipita huku wasafiri wawili Waafrika, Pedro João Baptista na Amaro José, waliotumwa na mfanyabiashara Mreno wa Angola watafute njia ya nchi kavu hadi Msumbiji. Baptista aliandika habari za safari, na katika maandishi yake mna mawe ya kijani na watu wanaofanya kazi ya shaba. Ni wachache wanaowakumbuka wawili hao, ingawa waliandika habari za nchi hii miaka themanini kabla ya Wabelgiji.

Habari za karne iliyofuata mnazijua, kwa hiyo tuzipitie upesi. Msiri aliitawala nchi kubwa kutoka Bunkeya. Wasanga wakamwasi mwaka 1891. Na tarehe 20 Desemba mwaka huo huo Msiri aliuawa kwa risasi na Kapteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs, aliyetumwa na Mfalme Leopold. Bodson naye aliuawa. Mbelgiji mwingine, Alexandre Delcommune, alijaribu wakati huo kuushuka Lualaba kwa mitumbwi, magenge ya Nzilo yakamshinda. Miaka sitini baadaye jina lake likapewa bwawa lililojengwa mahali hapo hapo, jambo ambalo linachekesha kidogo. Mwanajiolojia Jules Cornet alipita mwaka 1892 akaandika kuhusu miamba. Mwaka 1900 iliundwa Comité Spécial du Katanga kuitawala nchi, na mwaka 1906 ikazaliwa Union Minière du Haut-Katanga kuichimba. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na Bukama mwaka 1918. Reli ya Benguela ikaungana na ya Katanga huko Tenke mwaka 1931.

Kuna shahidi mmoja wa kipindi hiki anayetuhusu kwa karibu. Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyeongoza misioni ya Katanga tangu 1910 na kufanywa askofu mwaka 1932, alichapisha mwaka 1926 makala juu ya wale aliowaita walaji wa shaba. Humo alieleza namna wahunzi wa zamani walivyochimba na kuyeyusha. Wakati huo kazi yao ilikuwa imekwisha: utawala wa kikoloni uliyachukua machimbo, na ustadi ukabaki kwa wazee. Bila kurasa zake tungejua machache zaidi. Lakini mtu huyo huyo alikuwa rafiki mkubwa wa serikali na wa kampuni, na shule za makambi ya Union Minière ziliendeshwa na wamisionari kwa mapatano na kampuni hiyo. Kalamu yake imetuhifadhia kumbukumbu za wahunzi, na ukaribu wake na waajiri ulimfanya asikie kidogo kilio cha wafanyakazi. Yote mawili ni kweli juu ya mtu mmoja, na mwandishi wa historia hana ruhusa ya kuchagua upande unaompendeza.

Kolwezi kama mji ni kijana kuliko babu zetu wengi: ulianzishwa mwaka 1937 kuwa makao ya migodi ya magharibi ya Union Minière. Kando yake zilipandwa kambi za wafanyakazi, na mojawapo ni Musonoi, iliyochukua jina la mto. Hapa ndipo hadithi yetu ya kijiji cha mtoni inapokuwa ngumu kusimulia, kwa sababu kambi ni kijiji cha namna ya pekee. Kijiji cha Wasanga kilihama mashamba yalipochoka, kambi haikuhama. Kijijini mzee aligawa ardhi. Kambini meneja aligawa nyumba, na nyumba ilikuwa ya kazi: kazi ikikoma, funguo zinarudi. Wakazi walitoka Kasai, Lomami, Lunda, hata Rwanda na Burundi. Tangu miaka ya 1920 kampuni ilikuwa imeamua kwamba mfanyakazi aliyekaa na mkewe na watoto ni bora kuliko yule anayeajiriwa miezi sita akarudi kwao, kwa hiyo ikajenga zahanati, ikawapima watoto uzito, ikatoa poso ya unga, samaki na chumvi. Kiswahili chetu cha Katanga kilikomaa katika njia za makambi hayo, kwa kuwa mtu wa Kasai na mtu wa Lomami walihitaji lugha ya kuombana moto.

Hebu nitoke Afrika kidogo. Mwaka 1573 Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania alitoa kanuni za kuanzisha miji na vijiji katika makoloni yake ya Amerika. Kanuni hizo zilipanga karibu kila kitu: uwanja wa katikati na vipimo vyake, njia zilizonyooka, mahali pa kanisa. Katika mambo hayo mengi mna agizo dogo ambalo wengi hulipita bila kulitazama: pale mji unapojengwa kando ya mto, machinjio, viwanda vya ngozi na kazi nyingine zinazotoa uchafu ziwekwe upande wa chini, mahali mto unapokwisha kuupita mji. Vijiji vingi vya mtoni vya Amerika ya Kusini vilipimwa kwa kamba kwa kufuata kanuni hizo. Sitaki kumsifu mfalme yule. Migodi yake ya fedha ya Potosí ilimeza watu wasiohesabika. Lakini karani aliyeandika agizo lile alijua kwamba mto hubeba kila unachopewa. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba chini ya mji hakuna mtu. Chini ya kila kijiji cha mtoni kuna kijiji kingine.

Pale Kolwezi walikwenda mbali zaidi: bonde zima liligeuzwa jaa.

Inafaa kueleza namna ilivyokuwa, maana vijana wengi wanaona ule uwanda wa matope mekundu na ya kijivu bila kujua ulizaliwa vipi. Mwamba wenye madini haupelekwi tanuruni kama ulivyo. Kwanza unasagwa uwe unga, unachanganywa na maji, kisha unatiwa katika mapipa makubwa pamoja na dawa na kupulizwa hewa. Chembe za madini hushikamana na povu, povu linaelea, linakombwa. Katika viwanda vya Katanga, kwa madini ya namna ya malakiti, mojawapo ya dawa hizo ilitengenezwa kwa mafuta ya mawese, yale yale tunayopikia sombe. Mafuta hushika chembe za kijani na kuzipandisha juu. Kiwanda cha kuchenjulia cha Kolwezi kilianza kazi hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili, dunia ilipokuwa na njaa ya shaba.

Lakini povu halikombi yote. Sehemu ya shaba, na sehemu kubwa zaidi ya kobalti, ilibaki chini pamoja na unga wa mwamba na maji. Uji huo ulipaswa kwenda mahali. Bonde la Kingamyambo lilikuwa karibu, na lilikuwa na mteremko. Lilizibwa kwa ukuta wa udongo likajazwa. Kisha bonde la Musonoi likapokea zamu yake. Mwaka hata mwaka, kwa miongo kadhaa, uji ulimiminika, maji yakajichuja, unga ukatuama, tabaka juu ya tabaka. Mahali palipokuwa na kijito, matete na bustani za kiangazi pakawa sakafu tambarare isiyoota kitu. Wakati wa kiangazi upepo huiinua na kuitandaza juu ya nguo zilizoanikwa.

Ni nani aliyeamua? Hakuna jina moja la kulitaja. Ilikuwa hesabu ya kawaida ya kampuni, na kwa hesabu ile bonde halikuwa na bei. Bustani ya mwanamke, mtego wa samaki, kisima cha kiangazi havikuandikwa katika daftari lolote, kwa hiyo kuvizika hakukugharimu kitu. Kampuni ile ilikuwa makini sana katika kuhesabu: ilijua uzito wa kila mtoto wa kambi na idadi ya vikombe vya maziwa. Haikukosa uwezo wa kupima. Musonoi haukupimwa kwa sababu hakuna aliyetakiwa kuulipia.

Jambo jingine la ajabu la Musonoi ni kwamba jina lake linajulikana mbali kwa sababu nyingine kabisa. Mgodi wake ulitoa fuwele za madini ya nadra, mengine yenye urani na seleni, ambayo wanasayansi walikuwa hawajayaona popote. Demesmaekerite na guilleminite yaliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1965 kutokana na mawe ya Musonoi, na mwaka 1980 madini mengine yakapewa jina la kolwezite. Katika majumba ya makumbusho ya Ulaya kuna makabati yenye vipande vya kijani na njano vilivyoandikwa kwa herufi safi: Musonoi, Kolwezi. Mtoto wa Musonoi angeshangaa kuona kijiji chake kimehifadhiwa vizuri namna ile nyuma ya kioo.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na siku kumi na moja baadaye Katanga ikajitenga. Kolwezi ilikuwa ngome ya mwisho ya Moïse Tshombe. Hapa alitangaza mwisho wa kujitenga mwezi Januari 1963, wakati watu wake wakitishia kulipua mabwawa ya Lualaba, na tarehe 21 askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia. Mwaka 1967 serikali iliichukua Union Minière, na tangu 1971, mwaka ule ule ilipoundwa dayosisi ya Kolwezi, kampuni ikaitwa Gécamines. Mei 1978 wapiganaji waliotoka Angola waliuteka mji, na mamia ya raia, Wakongomani na Wazungu, wakauawa katika juma moja. Wazee wa parokia wanaozikumbuka siku hizo huzungumza kwa maneno machache.

Katika misukosuko yote hiyo, kinywa cha bomba hakikufungwa. Bendera zilibadilika, uji uliendelea kuteremka Kingamyambo na Musonoi. Hili nalisema kwa makusudi, kwa sababu twapenda kuandika historia yetu kwa majina ya watawala, ambapo historia ya mto haikujali nani yuko Kinshasa.

Kisha mgodi wenyewe ukaanguka. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba karibu tani 476,000. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka. Na kufikia 1994 kampuni nzima ilitoa takriban tani 30,000 tu. Poso ikapungua, ikakoma. Mishahara ikachelewa miezi, halafu miaka. Na njaa ilipoingia, wanasiasa wakaitafutia jina la kabila: mwaka 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Kolwezi, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa, wakalala vituoni majuma na miezi wakingoja treni. Mji uliojengwa kwa kukusanya watu wa kila nchi ulijifunza mwaka ule kuuliza babu yako alitoka wapi. Katika historia ya Kolwezi sijui sura iliyo nzito kuliko hiyo kwa vijana kuijadili, wala inayokwepwa zaidi.

Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 wa Gécamines walipewa malipo ya kuondoka, katika mpango ulioitwa wa hiari. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 2001 kitabu ambacho jina lake lawaita watu hawa Bana Shaba, watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Neno baba hapo ni sahihi kwa kipimo cha kutisha. Baba huyo alilisha, alitibu, alisomesha, na hakumruhusu mtoto awe mtu mzima.

Wakati watoto wa shaba wakiuza milango ya nyumba zao, wengine walikuwa wakiyatazama matope. Teknolojia ilikuwa imebadilika: kwa asidi na umeme sasa iliwezekana kuitoa shaba na kobalti iliyokuwa imeshindikana kwa povu. Ukaundwa mradi wa mabaki ya Kingamyambo na Musonoi. Kampuni ya Adastra iliushika, First Quantum ya Kanada ikainunua Adastra mwaka 2006, na mwaka 2009 serikali ya Kongo ikafuta mkataba. Mwaka 2010 kampuni ya ENRC, iliyokuwa imeandikishwa katika soko la hisa la London, ikanunua sehemu kubwa ya haki hizo kupitia mfanyabiashara mwingine. Mashauri yakafunguliwa nchi za nje. Mapema mwaka 2012 yalimalizwa kwa mapatano: ENRC ilikubali kuilipa First Quantum dola bilioni 1.25 kwa ajili ya Kingamyambo na mali nyingine za Katanga. Mwishoni mwa 2018 mradi, sasa ukiitwa Metalkol na kumilikiwa na Eurasian Resources Group, ulianza kazi. Matope yanafukuliwa, yanasukumwa kwa maji hadi kiwandani, kobalti inatolewa na kupelekwa kwenye viwanda vya betri, na mabaki mapya yanalazwa katika bwawa jipya.

Yaani sakafu ile iliyozika kijito imegombewa na watu wa mabara matatu, kwa fedha ambazo zingejenga shule katika kila kata ya Lualaba. Katika ugomvi huo wote hapakuwa na mdai aliyesimama kwa niaba ya bonde.

Kuondoa matope ya zamani mtoni ni jambo jema, na haki itendeke kwa kulisema. Matope yaliyolala wazi, yakisombwa na mvua na kupeperushwa na upepo, ni hatari kwa afya. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa maeneo ya migodi ya Katanga, na kiasi cha kobalti walichokuta kilikuwa cha juu kuliko kilichowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida popote duniani. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mwingine uliofanyika Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambao tangu 2014 watu walichimba kobalti ndani ya nyua zao. Watoto walikutwa na kiasi kikubwa kuliko wazazi. Kule Kapata, kwenye ziwa Malo, wanawake wameonekana wakisimama majini mchana kutwa wakiosha mawe, kazi ile ile ya bibi zao wa Kisanga, ila bibi zao waliosha malakiti yao wenyewe.

Sheria nayo imebadilika, na hili vijana walishike vizuri kwa kuwa wengi hawajalisoma. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaagiza mrabaha wa madini ugawanywe hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mamlaka ya mahali madini yanapotoka, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kila kampuni inayochimba inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii jirani, na kutia saini na jamii hiyo hati ya majukumu yenye orodha ya kazi zitakazofanywa. Hati hizo zimekusudiwa kujulikana na wananchi. Kikundi cha vijana kikiomba kuisoma hati ya mtaa wake, na kuuliza kisima kilichoandikwa ukurasa fulani kimechimbwa wapi, hakivunji amri yoyote. Bibi aliyelima bustani Kingamyambo hakuwa na karatasi ya namna hiyo ya kumwonyesha mtu.

Karatasi haitoshi, wala haielezi mambo ya zamani. Wapo bado wazee wanaoweza kuonyesha kwa mkono mahali kijito kilipopita, walipooga, aina za samaki, jina la mtu aliyekuwa na shamba la mihogo ng'ambo. Kumbukumbu hizo hazimo katika kabati la Brussels wala katika mashauri ya wanasheria. Simu kila kijana anayo, na ndani ya simu hiyo, kama tujuavyo, mara nyingi imo kobalti ya nchi hii. Kurekodi maneno ya mzee kunahitaji nusu saa na kiti cha kukalia.

Sokoni Kolwezi leo kuna samaki waliokaushwa, kambale na ngege, wamepangwa juu ya magunia. Wengi wao hutoka Bukama na mabwawa ya Upemba, chini ya magenge ya Nzilo, wakipandishwa huku kwa treni na malori. Maji ya Musonoi yamekwisha kupita huko kabla yao.